Ulikaza na ngapi? Historia fupi ya ekru katika mji wa Kolwezi



Leo naandika juu ya kitu kidogo sana: ekru ya ekseli ya nyuma ya pikipiki. Najua wengine watasema, "Huyu naye, lisansi ya historia ilimfundisha nini?" Hapa tumezoea kusoma juu ya Msiri, juu ya Tshombe, juu ya vita vya 1978. Lakini munivumilie. Ekru hiyo ilimvunja mkono mdogo wangu, na nilipotafuta sababu nilijikuta ndani ya historia ya mji wetu mzima.

Kosa lilikuwa langu

Wengi wenu munajua: nilimaliza chuo, kazi haikuja. Nikanunua pikipiki ya 125, ya mkono wa pili. Asubuhi nasambaza CV, jioni nafanya manseba. Falanga ni kidogo, kwa hiyo kila kitu nilitengeneza mwenyewe katika lupangu: mafuta, breki, sheni.

Siku moja sheni ililegea, ikawa inapiga kelele. Nikalegeza ekru ya ekseli, nikavuta gurudumu nyuma, nikakaza. Katika kichwa changu, kukaza vizuri ni kukaza sana. Sheni niliivuta mpaka ikawa kama uzi wa gitaa. Kisha nikachukua kle, nikaivalisha bomba la chuma la karibu sentimita 60 ili niongeze nguvu, nikavuta kwa mwili mzima. Ekru ikalia. Nikafurahi, nikasema: hii haitoki tena.

Siku nne baadaye tulikuwa kwenye barabara ya Kapata, mdogo wangu akiwa amekaa nyuma yangu. Nilisikia kitu kinacheza chini yetu. Gurudumu la nyuma likahama upande, sheni ikaruka kutoka kwenye meno ya kurone, ikajikunja, ikashika. Gurudumu likasimama ghafla, sisi hatukusimama. Nyuma yetu kulikuwa na kamyo ya madini. Dereva alituona mapema, njo maana naandika leo. Mimi nilichubuka tu. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kuume, ule wa kuandikia, wiki tatu kabla ya Egzeta. Mwaka ule hakufanya mtihani.

Nilipoirudisha pikipiki nyumbani nikiisukuma, jirani yetu alikuja kuangalia. Ni mzee, alikuwa fundi wa makenika wa Gécamines miaka 26. Hakuangalia sheni, hakuangalia gurudumu. Aliomba ekru. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha ndani, ukucha ukatoka na unga wa chuma.

"Hii haikulegea," alisema. "Hii uliiua weye mwenyewe."

Nikasema, "Papa, lakini niliikaza sana!"

"Minaona. Ulikaza na ngapi?"

"Ngapi ya nini, Papa?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Njo pale shida iko."

Lile swali, ulikaza na ngapi, halikuniacha kwa miezi. Nilikuwa na diploma, nimesoma miaka mitano, na sikujua hata kwamba kukaza kuna namba.

Buloni ni resori

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu bila kukielewa historia yake haina maana.

Mimi nilifikiri buloni inashika vile msumari unavyoshika kwenye mti. Si hivyo. Buloni ni resori. Unapozungusha ekru, unaivuta buloni, inarefuka kidogo mno, jicho haliwezi kuona. Chuma hicho kinataka kurudi urefu wake wa kwanza, na katika kutaka kurudi kinabana vitu vilivyo katikati. Ule mvutano njo unaoshika gurudumu lako. Ukikaza kidogo, mvutano ni mdogo, mtetemeko wa barabara unaizungusha ekru polepole mpaka inatoka. Ukikaza kupita kiasi, chuma kinavuka mpaka wake: kinarefuka na hakirudi tena, au meno ya ekru yanalala. Mvutano unakufa. Kwa hiyo ekru iliyokazwa mno na ekru iliyolegea zina mwisho mmoja. Yangu ilikuwa ya kwanza, nikafikiri ni salama kuliko zote.

Tena kuna jambo lingine ambalo lilinishangaza. Katika nguvu unayotia kwenye kle, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya ekru, na karibu sehemu nne kati ya kumi inaliwa na msuguano kwenye meno. Inabaki kama sehemu moja tu kati ya kumi ya kuivuta buloni yenyewe. Vumbi likiingia kwenye meno, msuguano unapanda, na ile moja inapungua: unaona umekaza, kumbe hujakaza. Ukipaka mafuta, msuguano unashuka, na kwa nguvu ileile buloni inavutwa zaidi sana. Sisi wa Kolwezi, pamoja na vumbi letu jekundu la kiangazi na matope ya mvua, tuelewe jambo hili kuliko wengine.

Basi mkono peke yake unadanganyika kwa urahisi. Njo sababu watu walitafuta kipimo.

Kipimo na reli

Zamani kila atelie ilichonga meno ya buloni zake kwa namna yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kanuni moja ya meno, ili ekru ya atelie hii iingie kwenye buloni ya atelie ile. Lakini nguvu ya kukaza iliachwa kwa mkono wa fundi. Mnamo 1918 Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya mji wa New York, alitengeneza kle inayopima nguvu, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanakaza buloni za mabomba kupita kiasi. Yaani kle ya kupima, ile tunayoiita kle dinamometriki, haikuzaliwa kwa ajili ya wavivu wanaokaza kidogo. Ilizaliwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Mwaka huohuo, 1918, reli yetu ilifika Bukama, kando ya mto Lualaba. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa 1906. Reli ilikuwa imefika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 kutoka kusini, upande wa Rhodesia. Mwaka 1931 njia ya Tenke mpaka Dilolo iliungana na reli ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito. Ndiyo ileile ambayo leo kila gazeti linaiita "koridori ya Lobito" kama kitu kipya. Kolwezi yenyewe ilianzishwa 1937, makao ya machimbo ya magharibi ya Union Minière.

Sasa fikiria reli ni nini. Ni maelfu kwa maelfu ya buloni. Mahali ambapo reli mbili zinakutana kuna vyuma viwili vya pembeni, eklisi, vinavyozishika pamoja. Buloni zake lazima zikaze, treni isitikise reli. Lakini lazima pia reli iweze kusogea kidogo, kwa sababu jua la mchana linairefusha na baridi ya usiku inaifupisha. Kukaza bila kuua. Babu zetu walijua jambo hilo kwa mikono yao kabla hatujazaliwa.

Mwanzoni wafanyakazi hao waliletwa kwa mkataba wa miezi michache, kisha wanarudi kwao. Kila mara kampuni inaanza upya kufundisha. Kuanzia 1927 na 1928 Union Minière ilibadilisha siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke wake, apewe nyumba, watoto wasome. Katika darasa tulifundishwa kwamba hii inaitwa "stabilisation", na tulijadili mishahara, afya, nidhamu ya kambi. Sawa. Lakini nyuma ya maneno hayo makubwa kuna jambo la kawaida: mkono uliojifunza kazi ni mali. Ukiondoka, unaondoka na ujuzi.

Mkono ulikuwa wetu. Kipimo hakikuwa chetu. Hadi karibu na 1960 nafasi za mainjinia na za wakubwa wa atelie zilikuwa karibu zote za Wazungu. Chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Mkongomani alikaza, mwingine alisoma namba.

Sanduku lenye kufuli

Jirani yangu aliingia kazini 1977, akiwa na miaka 19. Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu tarehe 1 Januari 1967, na jina Gécamines lilikuwa limeshazoeleka. Anasema katika atelie yake kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani yake kle dinamometriki. Fungola ilikaa mfukoni mwa shefu. Vijana walikaza kwa kle za kawaida, shefu anakuja mwisho, anafungua, anavuta mpaka kle inasema "tik", anaandika kwenye daftari, anafunga tena.

Mei 1978 vita vikafika Kolwezi. Wazungu wengi walihamishwa. Kazi iliporudi, mzee anasema, njo siku za kwanza aliona Mzairwa mwenzake akifungua lile sanduku kila siku.

Mzairwa huyo alikuwa mkubwa wake wa kazi, mtu wa Kasai. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kila kijana akaze kwanza kwa mkono. Halafu aseme namba kwa sauti, mbele ya wenzake. Halafu kle ya sanduku njo inasema ukweli. Aliyekosea kwa zaidi ya kumi ananunulia wote mikate ya saa nne.

"Mwezi wa kwanza nilinunua mikate mingi," mzee aliniambia. "Mwezi wa sita nilikuwa nakula ya wengine."

Ndugu wasomi, angalieni hapo. Ile namba iliyofungiwa kwenye sanduku ilitoka, ikaingia mikononi mwa watu. Si kwa kitabu, si kwa semina. Kwa kubahatisha, kupima, na kulipa mikate. Hakuna kumbukumbu yoyote ya ofisi inayoonyesha jambo hilo, na bado kwangu ni tukio kubwa la historia ya kazi katika mji huu.

Kilichofuata munakijua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Kisha siasa ikaingia nyumbani. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, kwanza Likasi, halafu hapa Kolwezi. Familia zililala kwenye stesheni siku na majuma zikingoja treni, na wengine walifia njiani. Wengi wao walikuwa mafundi. Yule mkubwa wa mzee, mwenye mchezo wa mikate, aliondoka kwa njia hiyo mwaka 1993. Mzee alimbebea godoro mpaka stesheni. Hawakuonana tena.

Mwaka 1994 Gécamines ilitoa tani 30,000 na kitu tu. Usiniambie ni mitambo peke yake iliyokufa.

Mwaka 2003 hadi 2004 ikaja "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka, baada ya miezi mingi bila mshahara, na neno "hiari" bado linawachekesha kwa uchungu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu mwaka 2001 juu ya familia hizi, na katika jina lake anawaita bana Shaba walioachwa na baba yao. Wazee walizoea kusema juu ya kampuni: njo baba, njo mama. Baba alipoondoka, watoto waligeuka mafundi wa barabarani. Waliokuwa wanakaza madampa wakaanza kukaza kinga na mashine za kusaga, na miaka hiyo ya 2000 pikipiki zilipojaa mjini, wakakaza pikipiki. Jirani yangu ni mmoja wao. Alitoka na mikono yake. Sanduku lilibaki kule.

Neno moja zaidi kabla hatujaendelea. "Manseba" ni neno la Kiluba cha Kasai: mjomba, kaka ya mama. Vijana wengi waliokuja kuendesha pikipiki hapa ni wa kutoka Kasai, njo tukawaita hivyo wote, hata mimi ambaye si wa kule. Fikirini: mji uliowapakia wajomba kwenye treni mwaka 1993 leo unasimama kando ya barabara, unainua mkono na kuita, "Manseba!" Kila nikisikia, nawaza juu ya yule fundi na mikate yake.

Tulipima

Baada ya ajali nilinunua ekseli mpya na ekru mpya. Nikatafuta kitabu cha pikipiki yangu. Kwa ekru ya ekseli ya nyuma kinasema nyutoni-mita 55. Kle dinamometriki sina, bei yake ni chakula cha nyumba kwa muda mrefu. Mzee naye hakuhitaji, alisema mkono wake unajua.

Hapo nikakumbuka fizikia ya sekondari. Nguvu ya kuzungusha ni uzito unaovuta mara urefu wa kle. Ukivuta kilo 20 kwenye umbali wa sentimita 25 kutoka katikati ya ekru, unapata kama 49. Basi kinachohitajika ni kle na mizani ya kuning'iniza! Na mizani, nani wa Kolwezi asiyeijua? Mji mzima unaishi kwa mizani. Wachimbaji wanabeba mifuko mpaka kwenye depo, na kila siku kuna kelele: mnunuzi ana mizani yake, ana mashine yake ya kusoma asilimia, mchimbaji anapokea namba anayoambiwa. Aliye na kipimo njo anayesema bei.

Nikaazima mizani ndogo ya ndoano kwa mama anayeuza samaki. Kwanza tuliipima kwa ndoo yenye lita 10 za maji, tukatoa uzito wa ndoo. Ilisema kilo 10 na kidogo. Nzuri. Nikaweka alama kwenye kle, sentimita 25. Nikamwambia mzee, "Papa, kaza kwa mkono kwanza." Akakaza ekru ya ekseli, akasema, "Tosha." Nikaweka alama ya kalamu juu ya ekru na juu ya chuma cha pembeni, nikafunga ndoano, nikavuta polepole, kwa pembe iliyonyooka, mpaka alama ziliposogea kidogo kabisa. Mizani: kilo 22. Nikapiga hesabu. 54!

Kitabu kinasema 55. Miaka zaidi ya 20 bila sanduku, na mkono bado ulikumbuka. Sikusema kitu. Yeye pia hakusema, lakini alivaa kofia yake vizuri.

Kisha tukaenda kwenye buloni ndogo mbili zinazoshika pinyoni, lile gurudumu dogo la meno la mbele. Ni buloni za milimita 6, kle yake ni ya 10. Kitabu kinataka 10 hivi. Mzee akakaza, "Tosha." Tukapima kwenye sentimita 12 za kle: kilo 14. Hesabu ikatoa zaidi ya 16. Amepita kwa zaidi ya nusu. Tukarudia na nyingine: vilevile.

Alikaa kimya. Halafu akasema polepole, "Buloni ya sita... kule atelie hatukuwa nayo. Ya kwetu ilikuwa ya ishirini na nne, ya thelathini." Akaangalia mikono yake. "Huu mkono ulisomea madampa."

Nilijifunza mambo mawili pale, na hayapendani sana. Wale wanaosema "mafundi wa barabarani wanabahatisha tu" wamekosea: 54 haikuwa bahati. Na wale wanaosema "mkono wa fundi haukosei" wamekosea pia. Mkono unajua kile ulichopimiwa. Zaidi ya hapo unabahatisha kama wangu. Mkono wa mzee ulipata mwalimu mwenye kipimo. Vijana waliojifunza kwa mzee barabarani wamepata mkono bila kipimo, na wanaojifunza kwao watapata nusu ya nusu.

Na mimi? Nikifanya hesabu ya lile bomba la sentimita 60, hata kama nilivuta kilo 50 tu, ilikuwa karibu 295. Mara tano ya kitabu na zaidi. Ilikufa pale pale siku ya kwanza. Siku nne zile tulitembea juu ya maiti.

Ninavyokaza sasa

Kwa wenzangu wenye pikipiki, hii njo kazi yangu ya kila mwezi. Namba za pikipiki yako zitoe kwenye kitabu chake, si kwangu.

Kwanza nasafisha. Brashi ya chuma kwenye meno, kitambaa kikavu. Vumbi likibaki, namba inadanganya. Mafuta kwenye meno sipaki, isipokuwa kitabu kinasema.

Pili, natafuta mahali ambapo sheni imekaza kuliko pengine, kwa kuzungusha gurudumu polepole, kwa sababu sheni hairefuki sawasawa. Napima hapo, katikati ya pinyoni na kurone, upande wa chini: kwenye 125 nyingi inapanda na kushuka kama milimita 20 mpaka 30. Sheni isiyocheza kabisa ni mbaya. Abiria akikaa, au tukiingia shimo, gurudumu la nyuma linapanda na sheni inavutika zaidi. Ikikosa nafasi inakula beringi na inakata kiungo chake.

Tatu, navuta gurudumu nyuma kwa skuru za pande zote mbili, alama za kushoto na kulia zilingane. Gurudumu likikaa upande, meno yanaliwa.

Nne, ekru ya ekseli: kwanza kwa vidole mpaka mwisho, ili nijue meno yameingia vizuri. Kisha kle na mizani. Bomba nililitupa. Kle ya 10 ilifanywa fupi na kle ya 24 ndefu kwa makusudi: aliyeitengeneza alishapiga hesabu ya mkono wako. Ukiongeza bomba umeifuta hesabu yake.

Tano, ekru za kurone nakaza kwa msalaba, moja na ile inayoitazama, kwa awamu mbili. Kama kuna rondela ya kukunja au gupili, naweka mpya. Haigharimu hata soda moja. Kile klipu cha kiungo cha sheni, upande uliofungwa unatangulia mbele sheni inakoelekea, ule wazi unabaki nyuma.

Mwisho, napima tena mchezo wa sheni, kwa sababu kukaza ekseli kunaweza kuusogeza. Halafu napaka mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma. Asubuhi kabla ya kazi naangalia mstari tu. Ukikatika, ekru imetembea.

Daftari

Mzee na mimi sasa tuna daftari. Lina safu tatu: mkono, mizani, kitabu. Kila pikipiki inayoletwa kwake, anakaza, anasema namba, tunapima, tunaandika. Kwenye buloni za milimita 6 amefika 11. Vijana wawili wanaojifunza kwake nao wanasema namba zao kwa sauti. Aliyekosea sana ananunua mikate. Mzee mwenyewe njo aliyerudisha sheria hiyo, na siku ya kwanza aliyoitangaza alikaa kidogo akiangalia upande wa stesheni.

Leo, ndani ya kuta za machimbo yanayotuzunguka, ekru za gurudumu la dampa zinakazwa kwa mashine yenye namba, zinaandikwa, zinarudiwa. Hakuna anayevuta kwa bomba. Nje ya ukuta, mita mia tano kutoka pale, kijana anavuta kwa bomba, na jioni anabeba mama na mtoto mgongoni mwa pikipiki ile. Ni mji mmoja, ni chuma kilekile. Tofauti ni nani aliyepewa kipimo.

Sisi tuliosoma tunapenda kuandika kwamba ujuzi wa wazee wetu unapotea, tunaweka picha ya atelie ya zamani, tunatia moyo mwekundu, tunalala. Ninaomba kitu kidogo zaidi. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi Gécamines au kwenye reli, fundi wa makenika, wa kuchomelea, wa umeme, usimuulize tu "zamani ilikuwaje". Muulize swali aliloniuliza mimi: na ngapi? Mpe mizani, mpe futi, mpe saa. Halafu andika anachosema, na andika pia pale anapokosea, kwa sababu hiyo nayo ni historia.

Mdogo wangu alifanya Egzeta mwaka uliofuata. Mkono ulipona, ingawa hanyooshi kabisa kiwiko. Ndiye anayeandika kwenye daftari letu, kwa mkono uleule.